Sihami, na Kisanduku Nitakifunga Mwenyewe

Tarehe 6 Februari

Mwanangu Kifungo,

Nimekaa chumba cha cherehani, chai iko kando, mlango uko wazi, na mwili wangu umetulia kama pindo lililopigwa pasi. Huko kwako kukoje? Mume wako, mkwe wangu, yu mzima? Msalimu sana, umwambie ile suruali ya kijivu niliyomshonea asiifue kwa maji ya moto, kitambaa kile kina hasira. Shangazi yako amepata mjukuu wa saba na bado anasema hapendi kelele. Jirani yetu Mwalimu Mstaafu ameletewa na mwanawe televisheni pana kama mlango, basi kila apitaye anaitwa aje aone. Mimi aliniita mara mbili. Mara ya pili nikamwambia, "Mwalimu, hiyo yako inakuonyesha nyumba za watu. Mwanangu mimi kanifanyia nyumba inayonisikiliza." Alitafuta rimoti ilhali ameikalia.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Kifurushi kimefika, na hakikuvunjika kitu. Ulisema kwenye simu, kabla hatujagombana, kwamba kile kisanduku cha zamani cha kuongozea geti, pampu na taa kimechoka, kina miaka sita na kinaganda hovyo. Hilo nilikubali. Halafu ukasema mwanamke wa miaka sitini na nane hakai peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, na kwamba ni afadhali nyumba ipangishwe nami nihamie kwako. Hapo ndipo nilipokata simu, na sitakuomba radhi. Ndiyo maana nakuandikia. Karatasi haipandishi sauti, na mtu akitaka kuandika tusi mkono humchoka kabla hajalimaliza.

Tuliyopatana baadaye kwa ujumbe mfupi nimeyanakili kwenye daftari la vipimo, ukurasa mmoja na kiuno cha mke wa mchungaji, ili usije ukakana. Ni hivi: nikifunga kisanduku kipya mwenyewe, bila fundi wa kuja, na nyumba ikafanya kazi wiki nzima bila kasoro kabla ya mwisho wa Mei, hutanigusia tena habari ya kuhama. Nikishindwa, natia cherehani yangu kwenye gunia nakuja.

Basi jua kwamba nimekifunga. Dakika ishirini na tano, kwa miwani ya kushonea. Ulichoandika kwa herufi kubwa, ZIMA CHA ZAMANI KWANZA, nilikifuata. Nikachomeka waya wa intaneti, nikachomeka kijiti cha antena, nikachomeka umeme, nikangoja taa ya kijani. Vile vidude vitatu vyeupe ulivyosema vinapima joto la vyumba nimevibandika ulikoagiza, ukumbini, korido na bafuni, ingawa joto la bafuni mimi nalijua bila kupimiwa. Nikabonyeza geti, likafunguka. Pampu ikanguruma, maji yakapanda tangini. Niliita wateja wawili waje washuhudie. Mmoja akauliza nilisomea wapi. Nikamwambia darasa la saba, lakini nimemzaa aliyesoma.

Kitu kimoja kidogo tu. Leo mchana geti lilifunguka nusu, likafikiri, likarudi. Nadhani lilikuwa linanizoea.

Mama yako

*

Tarehe 24 Februari

Mama yangu, shikamoo.

Barua yako imekaa njiani siku nyingi, na nilipoipata niliisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni na mkoba begani. Mimi ni mzima. Kazini minara miwili ya simu imepigwa na radi, na waya zake ninazijua mimi tu, kwa hiyo natoka mapema na kurudi nimechoka. Shangazi mpe hongera ya mjukuu. Mwalimu usimchokoze sana, Mama, ndiye mtu wa karibu ukihitaji msaada.

Hongera kwa kazi ya kisanduku. Kusema kweli sikutegemea. Lakini geti kufunguka nusu si mazoea. Mambo mawili yanaweza kulileta hilo.

La kwanza, kijiti cha antena kiko karibu mno na kisanduku. Kisanduku kipya kina nguvu na kina kelele yake ambayo sikio halisikii, na kijiti kikikaa hapo ni sawa na mtu anayejaribu kusikia mnong'ono karibu na mashine ya kusaga. Nakutumia waya wa kurefushia. Chomeka kijiti kwenye waya huo, ukitundike ukutani, hatua mbili mbali na kisanduku.

La pili, kisanduku cha zamani. Nilinakili kila kitu chake kwenye kipya, hata jina lake na ufunguo wake wa siri, ili geti na taa visijue kama mwenye kuamuru amebadilika. Kwa sababu hiyo viwili hivyo haviruhusiwi kuwaka pamoja hata kidogo. Nilichobadilisha ni muda wa geti kukaa wazi tu: cha zamani kinalipa sekunde kumi, kipya arobaini. Mama, ulikizima kabisa? Ulikichomoa?

Tafadhali niandikie kila siku kilichoharibika na saa yake. Kama itakuwa kazi, kuna fundi ninayemwamini mtaa wa pili kutoka kwako.

Uvae viatu vya mpira bafuni.

Mwanao, Kifungo

*

Tarehe 10 Machi

Mwanangu Kifungo,

Natumai minara imepona na wewe unakula. Nikisoma "nimechoka" kwenye barua yako naiona mifupa ya shingo yako. Mkwe wangu anakupikia walau siku za radi? Msalimu tena. Mimi ni mzima wa kupindukia, nimepokea sare za kwaya nzima, watu ishirini na wanne, na kila mmoja anadai amepungua kiuno. Shangazi yako anakusalimu, amelala kwangu siku mbili akikimbia wajukuu.

Ulivyoniuliza kama nilikichomoa kile cha zamani, niliguna peke yangu. Nilikichomoa pale ukumbini kwa mkono wangu huu huu uliokutoa kifungo cha koti kooni ukiwa na miaka mitatu, mpaka leo unaitwa hivyo. Kile kisanduku nakiheshimu. Ulikiunga mwenyewe likizo ya kwanza ya chuo, ukaniunguzia meza. Kiko mahali pa heshima, usikihofie.

Waya wa kurefushia umefika, kijiti nimekitundika kwenye kulabu ya nguo. Geti likafurahi asubuhi moja. Saa nne likarudia tabia yake. Pampu nayo inawaka, inazima, inawaka, kama mtu anayeulizwa swali gumu. Kengele ya mlangoni mtu anabonyeza mara moja, inalia mara mbili, nami nikienda nategemea watu wawili.

Sasa huyu fundi wako. Ulisema "kuna fundi". Hukusema umemtuma. Ijumaa mtu kasimama getini na mkoba wa bisibisi. Nikabonyeza geti kwa heshima zangu zote, likafunguka nusu, naye akaingia nusu, likarudi likambana na mkoba wake. Akaniambia kwa upole ametumwa na binti yangu aje aangalie kisanduku.

"Binti yangu amekuambia tulivyopatana?"

"Hapana, mama."

"Basi umetumwa kwenye vita vya watu bila kuonyeshwa ramani."

Akacheka. Nikamwona suruali imefumuka mguu wa kushoto, maana pale getini ilinaswa. Nikamketisha barazani, nikamshonea hapo hapo, akanywa chai, akaondoka bila kukiona kisanduku hata kwa mbali. Kijana wa watu ana adabu. Lakini usirudie. Ng'ombe hashindwi na nunduye, nami siwezi kushindwa na nyumba niliyoipaka rangi mara nne.

Daftari nimelianzisha. Kila siku naandika saa na kosa, kama naandika mabega na kiuno. Saa mbili asubuhi nikifungua chumba cha cherehani nakuwa nimeshaandika ya alfajiri, na jioni nikishusha ile swichi kuu baba yako aliyokiwekea chumba hiki peke yake, naandika ya kufungia siku. Marehemu alisema pasi ya mwanamke akiisahau itachoma mtaa, na mimi miaka thelathini sijaacha kuishusha.

Viatu vya mpira ninavyo. Vinanibana.

Mama yako

*

Tarehe 28 Machi

Mama, shikamoo.

Nimecheka kuhusu fundi mpaka wenzangu wakaniuliza. Nisamehe. Nilidhani akifika utamwonea haya umpokee, nikasahau nani amenizaa. Kazi bado ni nyingi. Sare za kwaya usizishone zote kwa wiki moja, mgongo wako naujua. Ninakula, usijali.

Kuhusu antena nilitegemea waya utamaliza tatizo. Haukumaliza, maana yake nilikosea upande huo. Nimewaza kama ukuta wa korido ni mnene, nimewaza kama chaja ya kisanduku ni dhaifu, na bado hakuna jibu moja linaloeleza geti, pampu na kengele kwa pamoja. Nitumie daftari. Nakili kurasa zote, hata siku ambazo hakikutokea kitu, maana siku njema nazo zina la kusema.

Usinifiche kitu, Mama. Jumanne ya tarehe kumi na nane ulikaa bafuni dakika arobaini na tatu. Ilikuwa tumbo? Kama ni tumbo, nenda zahanati, usijitibu kwa chai.

Umebaki mwezi wa nne na wa tano. Sisemi hivyo kukutisha. Chumba chako huku kina dirisha kubwa, cherehani itapata mwanga.

Mwanao, Kifungo

*

Tarehe 12 Aprili

Kifungo,

Salamu. Ni mzima. Shangazi ni mzima. Mwalimu ni mzima. Mkwe wangu msalimu, hii ni mara ya tatu.

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikamaliza kola mbili, nikairudia ili nihakikishe macho yangu. Dakika arobaini na tatu. Mimi mwenyewe sikuzihesabu. Sikumwambia Mwalimu, sikumwambia shangazi yako, wala sikukuandikia wewe. Sasa nijibu taratibu kama unavyomjibu mtu mzima: kidude cha kupima joto kimejuaje dakika zangu?

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa mafundi cherehani, lakini walisema kweli. Nimepanda kwenye kigoda, nimekiangalia kile cha bafuni kwa karibu. Kikiniona nasogea kinawaka kijitaa chekundu. Nikikaa kimya, kimya. Nikisogea, chekundu. Joto halina habari na kusogea kwangu. Umenibandikia macho, mwanangu, na ukanipa mimi mwenyewe niyabandike, na mimi nikawaita wateja kushuhudia.

Nilikuogesha miaka saba. Sikuwahi kuandika ulitumia dakika ngapi.

Nimekibandua. Sikukitupa, maana ni kazi ya mkono wako. Nimekifunga kwa uzi wa jinzi kwenye kanyagio la cherehani. Sasa hesabu. Kila nikipiga mshono, huko kwako simu itakuambia mama yako ameingia bafuni. Sare za kwaya bado kumi na moja.

Daftari hili hapa, nimekunakilia kwa sababu neno langu ni neno. Jumatatu, alfajiri safi, saa nne geti nusu, saa saba pampu imezima yenyewe, usiku safi. Jumanne, alfajiri safi, saa tatu kengele mara mbili, saa tisa taa ya korido imewaka ikazima, usiku safi. Jumatano kama Jumatatu. Alhamisi nilikwenda mazishini kutwa, nikaacha chumba cha cherehani kimefungwa, shangazi yako akakaa nyumbani, anasema hakikuharibika kitu, lakini shangazi yako hata nyumba ikiungua husema kuna moshi kidogo. Ijumaa geti nusu mara tatu. Jumamosi pampu. Jumapili safi kutwa. Kurasa nyingine zimo humu ndani ya bahasha, zinafanana. Jumapili zote nyumba inakuwa na adabu kama imetoka kuungama.

Dirisha lako kubwa nimelisikia. Langu ni dogo na linanitosha. Sihami. Nikifunga kisanduku hiki au kikinifunga mimi, sihami kwenda kwa mtu anayenichungulia nikioga.

Mama yako, aliye na haki ya kukaa bafuni mpaka achoke

*

Tarehe 2 Mei

Mama, shikamoo, na unisamehe.

Sitaanza na kazi wala mvua. Nilikudanganya. Vile vidude vinaona mtu akisogea na kuniandikia kwenye simu. Nilijua ningekuambia ungevirudisha kwa posta siku hiyo hiyo. Havina picha, nakuapia, vinajua tu kuna mtu au hakuna. Lakini uongo ni uongo.

Wiki iliyopita simu imeniambia kuna mtu ameingia bafuni mara mia tatu na kumi kwa siku moja. Nilikuwa kwenye kikao. Nikatoka nje kucheka, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, nikakaa kwenye ngazi mpaka kikao kikaisha.

Nakueleza kwa nini. Kila nikifika nyumbani, kabla sijavua viatu, natazama kama umepita ukumbini. Nikiona umepita, ndipo nawasha taa. Siku ile ya dakika arobaini na tatu nilikuwa juu ya mnara, na hakuna nilichoweza kufanya ila kuhesabu. Mama, ulianguka?

Kuhusu daftari. Nimelitandaza mezani, nikapiga mstari mwekundu kwenye kila kosa. Hakuna kosa hata moja kabla ya saa mbili asubuhi. Hakuna hata moja baada ya jioni. Jumapili zote safi. Alhamisi ya mazishi safi, shangazi alisema kweli. Haya si makosa ya ukuta wala chaja. Nakuuliza swali moja tu, na jibu analo mtu mmoja tu duniani: ni kitu gani nyumbani humo kinachoamka ukiamsha cherehani, na kulala ukishusha swichi?

Mapatano yetu yako pale pale. Sitatuma mtu.

Mwanao, Kifungo

*

Tarehe 18 Mei, Jumapili

Mwanangu Kifungo,

Nimekusamehe tangu mstari wa pili, lakini nilisoma mpaka mwisho ili nione kama utaongeza. Hapa sote wazima. Shangazi yako anajisifu mtaa mzima kwamba ushahidi wake umekubaliwa na mhandisi. Mwalimu televisheni yake imepata mstari mweusi katikati, nami nilimpelekea chai tu, na tabasamu langu nikaliacha nyumbani.

Barua yako niliipokea nikiwa kwenye cherehani. Nilipofika pale kwenye swali, nikanyanyua macho kuwaza. Mbele yangu, juu ya kabati la kioo, kati ya picha yako ya mahafali na mkasi wa marehemu mama yangu, kitaa cha kijani kikanikonyeza.

Sasa nasema, na ukicheka cheka kimyakimya. Kisanduku cha zamani nilikichomoa ukumbini. Hilo lilikuwa kweli. Halafu nilikipeleka chumba cha cherehani nikakichomeka tena. Mteja akingoja nguo anauliza, kile ni nini kinachometameta, nami namwambia, kakiunga binti yangu kwa mkono wake, likizo ya kwanza ya chuo, na mpaka leo kinawaka. Kikiwa kimezimwa ni boksi tu, nani angeniamini? Wewe uliandika nikizime kwanza. Nilikizima kwanza. Baadaye hukuandika.

Najua, najua. Uliuliza tena, na mimi nikakujibu kwa mkono uliotoa kifungo. Niliona haya. Mama wa mhandisi hawezi kukiri kwamba amechomeka kitu kwa ajili ya kutambia watu.

Basi miezi mitatu nyumba hii ilikuwa na mafahali wawili kwenye zizi moja. Nimeelewa sasa. Kipya kinasema geti likae wazi sekunde arobaini, cha zamani kinakumbuka kumi, na vyote vina jina moja na ufunguo mmoja, geti lingefanyaje? Hata mimi ningefunguka nusu. Nilikichomoa siku hiyo hiyo. Tangu hapo, leo siku ya tisa, nimeandika neno moja tu kwenye daftari kila siku: safi. Geti linafunguka mpaka mwisho na kungoja kama mlinzi. Pampu inajaza tangi bila kuulizwa. Kengele, mtu mmoja, mlio mmoja. Fundi wako alipita kuleta suruali nyingine, nikamfungulia geti mara nne bila sababu.

Nimefunga mwenyewe. Nimeharibu mwenyewe. Nimetengeneza mwenyewe. Mwisho wa Mei bado. Kwa hiyo habari ya kuhama imekufa, imezikwa, na matanga yamekwisha.

Kuhusu lile jingine. Ndiyo, niliteleza. Ni sabuni. Paja likakataa, nikakaa sakafuni mpaka likakubali. Sikupiga kelele, maana wa kwanza kunisikia angekuwa Mwalimu, na sikuwa nimevaa vya kumpokelea Mwalimu. Nilihesabu vigae, vipo sitini na viwili, kimoja kina ufa. Seremala ameniwekea mpini wa kushikilia ukutani, mzito, unaweza kumfunga ng'ombe. Na kile kidude nimekifungua kutoka kwenye kanyagio, nimekirudisha bafuni mwenyewe, juu ya kigoda, kwa mkono wangu. Si kwamba umeshinda. Ile sakafu ilikuwa baridi.

Sasa nisikilize wewe. Mkwe wangu nimemsalimia mara tatu, na mara tatu salamu zimerudi mikono mitupu. Halafu ukaniandikia kwamba unaingia nyumbani, unasimama kizani na viatu mguuni, na taa huwashi mpaka uone mama yako amepita ukumbini kwake. Mtu aliye na mtu ndani haandiki hivyo. Sikuulizi. Sifumui mshono wa mtu bila ruhusa yake. Siku ukitaka kusema, utasema, kwa karatasi au kwa kulia. Lakini lile dirisha kubwa na chumba chenye mwanga, nadhani si mimi niliyekuwa siwezi kukaa peke yangu. Ungelisema hivyo tangu Februari, tusingekata simu.

Ndani ya kifurushi hiki kimo kisanduku cha zamani. Nimekifunga kwa mabaki ya sare za kwaya, hakitavunjika. Ondoa lile jina la kwanza, kipe jina jingine, umejionea yanayotokea. Kimo pia kidude cheupe cha korido. Kibandike mlangoni kwako. Mimi juu ya cherehani nina taa ndogo, mchana haina kazi. Nataka ukiingia nyumbani kwako, taa hiyo iwake huku kwangu. Nikae nikijua umefika. Ukichelewa, nijue umechelewa, na nipige simu, simu imeshapumzika vya kutosha. Kama wewe unahesabu dakika zangu, na mimi nitahesabu zako.

Usiniambie haiwezekani. Hata geti lilidhani haiwezekani.

Masharti ni yale yale, nimeyaandika kwenye ukurasa ule ule, chini ya kiuno cha mke wa mchungaji. Unafunga mwenyewe, bila fundi wa kuja. Iwake wiki nzima bila kasoro kabla ya mwisho wa Julai. Ukishindwa, unatia nguo zako kwenye gunia unahamia kwangu. Chumba chako nimekwisha kukifagia, na hapa geti hufunguka mpaka mwisho.

Mama yako, mwenye nyumba